Uso Wangu Mlangoni pa Jumba la Sanaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekwea jukwaa la mafundi, nyuma ya turubai. Kila ubao nikamwita Mungu! Wale wanawake wanne wa mawe waliobeba paa la mbele la jumba la sanaa vichwani — miaka yote nafagia ngazi chini yao — wa tatu mvua ilimla uso. Sasa amechongewa kichwa kipya, chenye uso wangu. Mashavu, kovu la kwenye nyusi, vyote! Fundi wa sanamu ndiye aliyeniomba nimkalie anichonge, mchana nikishafagia. Alitaka uso wa mtu aliyewahi kubeba mizigo. Nikamwambia, hapo umefika.

Nilipomtazama vizuri — kumbe ni mama! Marehemu mama, ambaye hakupigwa picha hata moja. Nimelia kule juu kama mtoto.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia wifi. Mdomo wangu huu! Akaweka kikombe chini taratibu. Haya, uso ni wako, akasema, na kile kifua wazi ni cha nani?

Wale wanawake wako hivyo tangu jumba lijengwe, nawajua. Lakini mimi nilitoa uso tu! Akili haikushuka chini ya shingo.

Kaka yangu Jumapili anawekwa mzee wa kanisa, wifi akaendelea, na Jumatatu turubai linashushwa. Hongera, mke wa mzee!

Ijumaa, 7 Machi

Baba Watoto anajua. Hafoki — afadhali angefoka. Anakula, anashukuru, anaondoka. Ee Mungu, nimekosa wapi?

Nimemwomba fundi amchongee hata kitambaa. Jiwe halishonwi, mama, akasema. Kupunguza naweza, kuongeza siwezi. Ila anaweza kugonga pua na mashavu, asijulikane ni nani. Nimjibu kabla turubai halijashuka.

Jumapili, 9 Machi

Amewekwa. Nimepiga magoti kando yake, gauni limefungwa mpaka kidevuni. Bado kwaya nzima macho kifuani kwangu!

Njiani nikamwambia, kesho fundi atagonga. Akasema ni vyema. Nikasema, ule uso ni wa mama. Akakaza mwendo mpaka nyumbani. Mlangoni ndipo akasema, kesho nitakuja nione mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimekaa ngazini. Baba Watoto yuko juu na fundi. Mama alipougua, ni yeye aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali. Nasikia sauti zao.

Sasa fundi amechungulia. Mama, njoo umwone mzee! Amevua koti lake la jana, anamfunika yule wa jiwe kifuani. Anasema mama mkwe hatazamwi hivi. Na koti halikai! Linateleza, analirudisha.

Vijana wa turubai wameanza kufungua kamba. Wifi amewahi, amesimama mbele kabisa. Fundi anauliza tena, patasi mkononi: nigonge, nisigonge?

Koti limedondoka — hapa, kando ya fagio langu. Nimelikung'uta vumbi. Ngoja nimpandishie. Pini ya kulifungia ninayo, kwenye kilemba.