Fundi Nyasi, Birika na Shimo la Saba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoomba dirisha lifunguliwe, ukauliza kama mvua imenyesha, na ukatutoka kabla hatujakujibu. Ilikuwa imenyesha. Mpaka leo inatuuma kwamba hukulisikia jibu.

Mama hataki buti zako za mpira ziondolewe pale mlangoni. Tukizisogeza ili tufagie, anazirudisha vilevile, zikitazama nje. Nyasi za uani zimeota bila adabu, kama ulivyozoea kusema, na hakuna anayethubutu kuzigusa. Hata ukiwa mgonjwa ulikuwa ukichungulia na kuuliza, "Nani kanyoa hapa? Amenyoa au ameng'oa?"

Miaka thelathini na mmoja ulitunza uwanja wa gofu wa klabu. Ulikuwa ukichomeka kidole kwenye nyasi mpaka pingili ya kwanza, ukajua kama zikatwe leo au zingoje kesho. Walikuita Fundi Nyasi. Hukupenda kuvishwa kilemba cha ukoka, ingawa ukoka ndio uliotulisha na kutusomesha sisi watatu.

Mashindano ambayo watu wanayapigia makofi sasa, sisi tunayajua tangu yalipokuwa mchezo wa Jumatatu. Siku hiyo klabu hufungwa, uwanja upumzike. Jumatatu moja trekta la kukatia nyasi liligoma, ukakaa kitako na mpishi, mlinzi na dobi wa klabu kumsubiri mtu wa vipuri. Mlinzi alikuwa na fimbo moja ya gofu iliyopinda, iliyotupwa na mwanachama mwenye hasira zake. Mkacheza mashimo matatu kwa zamu, fimbo ileile moja, na mpishi akaleta birika la jikoni lililovunjika mkono liwe kombe. Dobi akashinda. Wewe ukawa wa mwisho, ukaambiwa uwamiminie wenzako chai kwa birika hilohilo, ukilishika kwa kitambaa. Sheria ikazaliwa hapo: wa kwanza anachukua birika, wa mwisho anamimina chai.

Mwaka uliofuata mlikuwa kumi na wawili. Kisha wanachama nao wakaanza kuchungulia, wakaomba kucheza. Ulikubali kwa sharti kwamba kila mtu abebe mfuko wake mwenyewe, na akiwa wa mwisho amimine chai kama mwingine yeyote. Tulivunjika mbavu ulipotusimulia jinsi mwenyekiti wa klabu, mtu mzima na kitambi chake, alivyopita na birika akimuuliza mlinzi, "Vijiko vingapi vya sukari, mzee?" Mwaka wa ishirini na mbili walikuja wachezaji mia moja na arobaini, mashindano yakachukua siku mbili, pakawa na hema na vipaza sauti. Alfajiri ulizunguka mashimo yote kumi na manane, na jioni ulirudi sauti imekukauka.

Na katika miaka yote hiyo hukuwahi kushinda hata mara moja. Mama alikutania kwamba umejenga nyumba usiyowahi kulala ndani yake. Ulicheka, lakini tuliona jinsi ulivyotamani.

Haya yanayofuata tunayaandika kwa ombi la kitindamimba wako, Mwalimu, ambaye anataka yasomwe na kila aliyekuwepo siku ile.

Katika mashindano yako ya mwisho alipangwa kucheza nawe, wawili tu, na yeye ndiye aliyekuandikia kadi. Wanaocheza wanajua: mwenye mapigo machache ndiye mshindi, na mapigo yako huandikwa na mwenzako, kisha wewe unatia sahihi kwamba ni kweli. Mwalimu alikuwa anajua jambo ambalo wewe ulidhani umetuficha, kwamba daktari alikuwa amekupa miezi michache tu. Siku ya pili, shimo la saba, mpira wako ukazama kwenye mchanga. Ukapiga, haukutoka. Ukapiga tena, ukatoka, nawe ukasimama umeshika ubavu. Shimo lile lilikugharimu mapigo sita. Mwalimu wa hesabu, mtu anayewanyima watoto wa watu nusu alama, akaandika tano.

Miwani yako ilikuwa mfukoni. Ulitia sahihi bila kusoma, kwa sababu aliyeandika ni mwanao.

Ukatangazwa mshindi kwa pigo moja. Ulilikumbatia birika lile huku umeinamisha kichwa, na hatukumbuki kukuona na furaha kama ile. Kisha kadi zikabandikwa ubaoni. Ukavaa miwani, ukaenda kusoma yako shimo kwa shimo, kama ulivyozoea kusoma za wengine. Ulipofika la saba ulisita. Mwalimu anasema ulimtazama mara moja tu. Ukarudi mezani kwa katibu wa klabu, ukaliweka birika.

"Kadi hii si ya kweli," ulisema. "Pale mchangani nilipiga mara mbili. Nitoeni."

"Nani alikuandikia?" katibu akauliza.

"Sahihi ni yangu."

Wakakutoa, kama sheria inavyotaka, na birika akapewa dobi aliyekuwa wa pili. Dobi alimfuata Mama, Mwalimu akiwa pembeni, akasema kwa masikitiko, "Shemeji, hata angeandikiwa hiyo sita tungelingana, tungerudia shimo moja. Na mimi nilikuwa hoi. Angenishinda."

Njiani kurudi nyumbani Mwalimu alitaka kusema, ukamtangulia. Ukamwambia, "Mwanangu, ile sita ilikuwa yangu. Niliihangaikia." Hukuligusa tena jambo lile. Alingoja umgombeze, na kila siku ambayo hukumgombeza ilimuuma zaidi.

Wiki sita baadaye tulikuzika, na maneno yakabaki mitaani kwamba mwenye mashindano alitaka kujipa birika.

Mwaka huu wamecheza bila wewe, na dobi amelitwaa tena birika. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa klabu, likaletwa pendekezo kwamba mashindano yapewe jina lako. Mwanachama mmoja akanyoosha mkono. "Jina la mtu aliyetia sahihi kadi ya uongo?" Mwalimu alikuwa amekaa safu ya tatu, na hakujitokeza.

Roho ilimsuta njia nzima. Alipofika nyumbani alimkuta Mama jikoni akikausha vyombo, akamweleza yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako aliniambia siku ileile," akasema. "Alisema nikuache, utasema mwenyewe."

Mwalimu alilia pale pale, ameshika kitambaa cha vyombo. Kesho yake akapiga moyo konde, akaiandikia klabu barua, na wiki jana akasimama mbele ya watu akaisoma mwenyewe. Yule mwanachama amekuja nyumbani kumwomba Mama radhi, na mashindano sasa yana jina lako. Dobi alitaka kutuletea birika. Tumemshukuru, tukamwomba akae nalo, kwa kuwa hukulishinda na wewe mwenyewe ulisema hivyo mbele ya watu wote.

Tunakukumbuka sisi: mkeo, mwanao wa kwanza ambaye ni dereva, mwanao wa pili ambaye ni muuguzi na ndiye aliyekushika mkono mpaka mwisho, wakwe zako na wajukuu wako watano, pamoja na mpishi, mlinzi na dobi, ambao kwetu ni baba wadogo.

Na Mwalimu, ambaye anasema hakuombi msamaha, maana anajua ulishampa. Anachotamani ni shimo moja tu zaidi na wewe, ashike kalamu, akuhesabie kweli, hata ungepiga mara kumi.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote tutakazojaliwa kuishi.