Somo Wako Yuko kwa Baba Yake

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ndio haujatulia. Mjomba alinipigia juzi akaniambia goti limekuanza tena na kwamba sasa unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nakuomba usiuache ule mkanda niliokutumia, hata kama unasema unakubana. Hapa kambini tumepata mvua ya wiki nzima. Barabara tunayoipima imegeuka tope, na vigingi tulivyopigilia Jumatatu tulivikuta Alhamisi vimelala chini. Kazi imesimama, ndiyo maana nimekaa kwenye meza ya chumba cha ramani ninakuandikia. Ningeweza kupiga simu. Nimeishika mara tatu na mara tatu nimeiweka. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningekuacha unikatize, halafu tungeishia kuzungumzia bei ya dawa za goti.

Mjomba aliniambia na jambo jingine. Alisema Jumamosi ijayo wewe, yeye na baba mdogo mmepanga kwenda kwa fundi, aliyekuwa mume wangu, mkamchukue mwanangu, somo wako uliyempa jina lako, mahakama itake isitake, na kwamba umeshamtandikia mtoto kitanda. Mama, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujafunga safari hiyo. Isome ukiwa umekaa.

Jinsi ndoa ilivyovunjika unajua, maana wewe ndiye uliyenipokea na begi mlangoni. Nilirudi kutoka kambini siku mbili kabla ya siku niliyosema, nikamkuta yule mwanamke wa duka la dawa amekaa ndani ya karakana, miguu juu ya kochi la mteja, anakunywa chai kwa kikombe changu. Hapakuwa na fumanizi la kuita majirani. Hakuna aliyekurupuka, na hilo ndilo lililoniuma: alikaa kama mtu wa pale. Mume wangu hakukana. Aliweka nyundo chini akasema amechoka kuwa mume wa begi la safari. Nikamwambia basi akaoe duka la dawa. Nilipokusimulia hapo ulicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Yaliyofuata hukuyajua vizuri, kwa sababu sikukusimulia vizuri.

Wakili nilielekezwa na mhasibu wetu wa kazini, ambaye wakili huyohuyo ndiye aliyemsimamia talaka yake. Ofisi yake iko ghorofa ya pili juu ya fundi viatu, na ngazi zote zinanuka gundi. Ni mama wa makamo, miwani yake ina kamba ya shingoni, na mezani ana boksi la karatasi laini ambalo hulisogeza kwa mteja kabla mteja mwenyewe hajajua kama atalia. Alinisikiliza bila kuandika neno. Nilipomaliza akaniuliza ninataka nini: talaka, mtoto, au kumuumiza mwanamume. Nikamjibu vyote vitatu. Akasema mahakama hutoa viwili vya mwanzo tu, na hicho cha tatu nisimtumie yeye kukitafuta.

Talaka aliiona nyepesi, kwa kuwa mwenzangu hakuipinga. Kesi ilikuwa mtoto. Alinieleza kwamba hakimu hatajali sana nani alimkosea nani. Atataka kujua mtoto atatunzwa vizuri wapi. Akanipa karatasi tupu, akanitaka nikaandike siku moja ya mwanangu tangu anapoamka mpaka anapolala: anakula nini, anaogopa nini, anacheza na nani, mwalimu wake ni nani, dawa zake za pumu anazitumiaje. Nikamwuliza niandike kwa lugha gani ya kisheria. Akasema, "Sheria niachie mimi. Wewe andika kama mama yake."

Mama, mimi naweza kukutajia mwinuko wa kila kilima kwenye barabara hii bila kufungua daftari. Karatasi ile nilikaa nayo siku nne. Niliandika saa ya kuamka, nikaifuta, maana shule ilikuwa imebadilisha saa na sikukumbuka ilikuwa mbele au nyuma. Rafiki niliyemwandika nilikuja kugundua familia yao ilihama mwaka uliopita. Mwisho nilimpigia simu somo wako mwenyewe, nikamuuliza yote kama mchezo. Alinijibu moja baada ya jingine, pole pole, kama mtu anayemsomea mwenzake imla. Nikaandika. Wakili aliisoma akasema nimeandika vizuri sana, nami nikashukuru.

Baadaye mahakama ikamtuma afisa wa ustawi wa jamii atutembelee, kwanza kwa fundi, halafu kwangu, kwenye vile vyumba viwili nilivyopanga mjini. Nilichukua likizo, nikamleta mtoto kwangu kutoka kwa baba yake. Nilipiga deki, nikanunua mapazia, nikabandika ukutani michoro ya mtoto ambayo nilimwomba aichore siku iliyotangulia. Afisa alikuwa mwanamume mpole, mzee kidogo, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikaa, akamtania somo wako kuhusu pengo lake la meno, kisha akaanza kumuuliza maswali madogomadogo huku mimi nimekaa pembeni.

Alimuuliza nani humsuka. Kichwani alikuwa na mistari sita iliyonyooka kama imepigwa rula, kazi ya mikono ya baba yake, mikono iliyozoea kushona makochi. Mtoto akanitazama, kisha akajibu, "Mama." Akamuuliza kifua kikimbana usiku nani humwamkia. "Mama." Afisa akanigeukia, akaniomba nimwonyeshe pampu ya pumu anayopewa kwanza akibanwa. Zilikuwa mbili juu ya kabati. Nikainua ya kahawia. Somo wako akanyanyuka, akaichukua mkononi mwangu taratibu, akairudisha kabatini, akachukua ya bluu. Akamwambia afisa, "Mama hupenda kunijaribu kama nimesahau." Afisa akacheka, akaandika kwenye daftari lake.

Alipoondoka nilimuuliza mtoto kwa nini amesema uongo. Alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe. Akaniambia, bila hata kugeuka, kwamba baba akimkosa atabaki na yule shangazi wa duka la dawa, lakini mimi nikimkosa nitabaki peke yangu. Ana miaka minane, Mama. Alisema kwa sauti ileile anayoniambia kwamba sukari imeisha.

Ripoti ilitoka baada ya wiki tatu. Ndiyo, hapa ndipo penye jambo ambalo sikukuambia. Ripoti ilinipendelea mimi. Iliandika kwamba mtoto ana ukaribu mkubwa na mama yake, kwamba mama anafahamu kwa kina mahitaji yake ya kiafya. Wakili alinipigia simu mwenyewe, nikasikia furaha kwenye sauti ambayo si ya mtu wa furaha. Alisema hakimu huyu mara nyingi hafuati njia tofauti na ripoti. Nilikuwa nimeshinda.

Nilipanda zile ngazi kesho yake nikamwambia kila kitu, kuanzia karatasi mpaka pampu. Alivua miwani akaiacha ining'inie. Alisema hawezi kusimama mbele ya hakimu na jambo analojua ni uongo, lakini pia hakuniruhusu nijihukumu hapo kwenye kiti chake. Kuwa kazini si kumtupa mtoto, alisema. Tungeweza kusahihisha ripoti na bado tukapigana. Ningeweza kuomba kazi ya ofisini, nikawa nalala nyumbani kila siku, na mahakama ingelipokea hilo vizuri. Akaniuliza kama mwajiri wangu angekubali.

Unakumbuka mwaka juzi nilikuambia nimeomba kuhamishiwa ofisini wakaninyima. Hawakuninyima, Mama. Meneja alinipa meza, kiti na barua ya uteuzi, nikairudisha ile barua. Ninaipenda kazi hii. Ninapenda kuamka kwenye hema na kwenda kupima mahali ambapo bado hapana kitu. Nilimwambia wakili hayo, na wewe sikukuambia. Akaniuliza polepole kama nina hakika. Nikasema mtoto wangu ananilea, na sitaki amalize utoto wake akinifanyia kazi hiyo.

Basi tuliandika makubaliano. Mtoto akae kwa baba yake. Aje kwangu nusu ya kila likizo ya shule na kila wiki niliyo mjini. Siku ya kutia sahihi fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, na uso wa mtu aliyekuja kusikia msiba, kwa maana wakili wake alishamwonya kwamba atashindwa. Alipoisoma karatasi aliirudia mara mbili. Kwenye korido aliniuliza kwa nini. Nikamwambia asinishukuru, na yule mwanamke wake ajifunze habari za pampu. Akasema alishajifunza. Nikamwambia habari ya kumweleza mama yangu aniachie mimi.

Nami nikaja kwako nikakaa jikoni, na uliponiuliza imekuwaje nikasema mahakama imempa yeye. Maneno matatu tu. Ukanikumbatia, ukamlaani hakimu, nikakuacha umlaani. Wiki iliyofuata ukaenda karakanani ukamtukana fundi mbele ya wateja, ukamwita mwizi wa watoto. Hakukujibu. Kwa kinywa chake angeweza kukunyamazisha kwa sentensi moja, na hakusema. Alinipigia jioni ile. Nilidhani analalamika. Alisema tu kwamba umesahau kitambaa chako pale na kwamba somo wako ameshakikunja.

Alikosa kwenye ndoa yetu, na hilo sijamsamehe wala sikuombi umsamehe. Lakini si mwizi wa mtoto wa mtu. Kwa hiyo Jumamosi usiende na mjomba, wala na baba mdogo. Ukitaka kwenda, nenda peke yako, ubishe hodi kama bibi anayekuja kumwona mjukuu wake. Atakukaribisha.

Limebaki jambo moja, na kama ningelikuwa na ujasiri ningelianza nalo. Watu wote walioniona siku ile, wakili, karani, hata fundi, waliamini nimetoa sadaka kubwa. Wakili alinisogezea lile boksi lake. Sikulihitaji. Nilipoinua kalamu kutoka kwenye karatasi nilivuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Nilimwacha mwanangu kwa baba yake kwa sababu ni bora kwake, hiyo ni kweli nami nitaiapia popote. Lakini nilihisi wepesi, Mama, na wepesi ule haukuwa wa kwake. Ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo ninaufikiria kila asubuhi ninapofunga buti, nikijiuliza kama ningemwacha hata kama isingekuwa bora kwake. Sijui. Wewe ulitulea wanne kwa mikono hiyohiyo na hukuwahi kutoka nje ya mji. Sijui kama nina haki ya kukuuliza jambo kama hili.

Wasalimie mjomba na baba mdogo, uwaambie wasinipigie kabla ya wewe kunijibu. Wasalimie pia ndugu zangu na watoto wao. Mvua ikikatika tutahamia kambi ya mbele, lakini barua zitapitia ofisi ileile.

Ukiniandikia, usiniambie mimi ni mama mzuri. Niambie neno jingine lolote, nitalipokea.

Ni mimi binti yako,
Mama wa somo wako.