Kisigino Hakina Kosa

Jumanne, 4 Novemba

Magari matatu leo. Mawili yametoka, la tatu bado liko juu ya mawe. Mguu wa kulia umeanza kuwaka saa nne asubuhi, mapema kuliko jana. Nimevua kiatu mbele ya wateja. Aibu tupu.

Mdogo wangu Hamisi, tunayefanya naye kazi hapa garaji Buyenzi, kasema nikae mlangoni nipokee wateja, chini ya magari ataingia yeye. Mi! Miaka thelathini niko chini ya magari, leo niwe mtu wa kusema karibu, karibu. Nimerusha spana. Hamisi ananionea huruma. Hiyo ndiyo inayoniudhi.

Jumatano, 5 Novemba

Kwa daktari wa mifupa. Barua niliandikiwa na dokta wa santé, zahanati ya mtaa. Wamenipiga radio, picha ya mifupa. Kwenye picha, kisigino kimeota kimfupa chenye ncha. "Si unaona mwenyewe, muzee? Tunapasua, tunakitoa." Jumanne tarehe 18. Halafu wiki sita bila kukanyaga chini.

Nimejibu ego, ego, ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa shule. Sikuuliza hata swali moja.

Wiki sita! Wateja watahama. Najua, kwa sababu jirani alipougua, wateja wake niliwapokea mimi, tena nikicheka.

Ijumaa, 7 Novemba

Mama Swaumu, mke wangu, karidhika. Ameitazama ile picha kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Kwake habari imekwisha.

Swala ya Ijumaa. Kwenye tahiyatu, mguu wa kulia unaposimama juu ya vidole, moto! Nusura nipige kelele katikati ya safu. Nikaulaza mguu, ukanyamaza. Ajabu. Kisigino wakati huo kiko hewani, hakijagusa kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimemfokea mteja. Mwalimu wa Nyakabiga, mtu mpole. Gari lake linalia mbele. Kaja na beringi mpya mkononi, kaambiwa na shemeji yake kwamba ya zamani ndiyo mbovu. Nimefungua, kweli ile ya zamani imechakaa kidogo. Nikaendesha. Mlio haukutoka huko kabisa, ulitoka kwenye breki. "Mwalimu, nani kakwambia ununue kifaa kabla gari halijasikilizwa? Kitu kuchakaa si lazima ndicho kinacholia!"

Hamisi kacheka. Mi nikautazama mguu wangu. Yule mjinga wa beringi ni mimi. Nimekubali kupasuliwa kisigino na hakuna mtu aliyeusikiliza huu mguu. Mimi mwenyewe sijausikiliza.

Jumapili, 9 Novemba

Garaji imefungwa. Nimebaki ndani peke yangu na mguu.

Maswali yale yale ninayowauliza wenye magari. Unalia lini? Ukiwa baridi au ukishapata moto? Kwenye mzigo gani?

Asubuhi haulii. Nikitembea pekupeku, kidogo sana. Nikivaa viatu vya kazi, unalia. Nikichuchumaa, kisigino juu, uzito wote kwenye vidole, unalia mpaka machozi. Na mi nachuchumaa hivyo siku nzima! Kidole cha tatu na cha nne vinakufa ganzi, kisha kama umeme.

Halafu nimechukua nyundo ya mpira nikakigonga kisigino. Mara tatu. Hakuna kitu. Mama Swaumu kaingia wakati wa pigo la nne. "Yarabi! Baba Swaumu, umerukwa na akili?"

Nimepaka oili chafu pale panapowaka tu, nikakanyaga karatasi. Alama imetoka mbele, chini ya vile vidole viwili. Kisigino, karatasi nyeupe.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimerudi kwa dokta wa santé na karatasi yangu. Kaitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. Kasema njia zilizobaki ni tatu: daktari wa sukari, daktari wa viungo, daktari wa neva. Barua anaandika moja tu, nichague.

Sukari amenipima pale pale, iko sawa. Viungo havijavimba, na asubuhi mguu ni mwepesi. Ganzi na umeme, hiyo ni waya. Hapa Buyenzi mambo ya waya humpelekei fundi wa bodi. "Andika neva," nimesema.

Nyumbani, vita. Mama Swaumu: "We si dokteri! Picha imeonyesha, unataka nini ingine? Ukipoteza ile tarehe 18, utangoja mpaka lini?"

Jumatano, 12 Novemba

Naogopa. Nikikosea, nimejidhalilisha mbele ya mke, ndugu na madaktari wawili, na mguu ndio huo huo. Leo Hamisi amefanya kazi zangu zote. Vizuri, bahati mbaya.

Alhamisi, 13 Novemba

Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!

Daktari wa neva ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu Swaumu, sauti ya chini. Nimempa picha ya radio na karatasi ya oili. Picha kaiweka pembeni. Karatasi kaishika kwa mikono miwili. Kisha kanibana mguu huku na huku, akaingiza kidole gumba kati ya mifupa ya vile vidole viwili.

Nimepiga ukelele. Huko nje kwenye foleni watu wamecheka, nimewasikia.

"Ni hapo," kasema. Neva imebanwa, imevimba. Kile kimfupa cha kisigino wengi wanatembea nacho mpaka wazeeke na hawana habari. Sindano moja. Viatu vipana. Kuchuchumaa marufuku, nikae kwenye kigoda. Nirudi baada ya mwezi, tuone. Kisha kauliza, "Hii karatasi nani alikufundisha?" Nikasema mi ni fundi. Nimetoka pale kifua mbele, nachechemea kama mfalme.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimekwenda mwenyewe kwa daktari wa mifupa na barua ya mwenzake. Kaisoma mara mbili. Kalifuta jina langu kwenye orodha, akanipa mkono. Muungwana. Hasira zote nilizokuja nazo sikupata pa kuzitua, nimerudi nazo.

Jumanne, 18 Novemba

Magari mawili. Nimefanya kazi nimekaa kwenye kigoda. Hamisi kaniita mama muuza ndizi. Nimemwacha aseme.

Jioni nimekuta Mama Swaumu kafungua begi kitandani. Mashuka, khanga, sabuni, kikombe. Kumbe alikuwa ameshanifungia vitu vya hospitali, wala hakuniambia. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake.

Alipomaliza, kavaa ushungi, kasema twende Nyakabiga tukamwone dada yake, kwa miguu. Tumekwenda polepole, tumekunywa chai, tumeongea ya watoto. Wakati wa kurudi, yeye ndiye aliyeomba tusimame kidogo apumzike.