Glavu ya Mkono wa Kulia

Jumapili, 11 Januari. Asubuhi ya ukungu, baridi ya kuvalia sweta.

Mdogo wangu mpenzi,

Hamjambo huko? Vipi miguu yako, bado inavimba kwa kusimama mbele ya tanuri la mikate? Na Punje wetu, kaongezeka hata kidogo, au bado anachukuliwa na upepo? Sisi wazima. Karakana imepata kazi ya sare za shule, nashona kola mpaka naziota.

Nina habari, weka chini ulichoshika. Unakumbuka Novemba tulivyomuaga Mlingoti kwenye ligi ya besiboli ya watoto? Keki, hotuba ya kocha, mimi nikilia kama ninayeozesha binti. Sababu ilikuwa sheria: anayetimiza miaka kumi na tatu wakati wowote ndani ya mwaka, basi, hachezi. Na yeye anaitimiza Septemba. Sasa ligi wamebadilisha, wanahesabu hadi mwisho wa Agosti tu. Mwanangu ana msimu mmoja zaidi! Nilipiga vigelegele pale pale kwenye mkutano wa wazazi. Baba mmoja akasema, "Mama Mlingoti, huyo si ameanza ndevu? Msimu huu atakuja na mkewe." Nikamwambia wivu haumrefushi mtoto.

Sasa, mdogo wangu, naona haya kidogo, lakini wewe si mtu baki. Ni ile glavu ya kudakia ambayo Mlingoti alimpa Punje siku ya kuagwa. Unajua watoto wetu wote wawili ni wa mashoto, na glavu ya mtu wa mashoto, ya kuvaliwa mkono wa kulia ili wa kushoto urushe, haipatikani hata kwa dawa. Nimezunguka maduka yote. Naomba uirudishe kwa basi, kwa msimu huu tu, kisha itarudi kwake. Yeye bado mdogo, ana miaka mingi mbele.

Mlingoti sijamwambia kwamba nimekuandikia.

Dada yako.


Jumatatu, 19 Januari

Dada, shikamoo.

Sisi hatujambo. Miguu ndiyo hiyo, inaumuka na kunywea kama mkate wenyewe. Mpe Mlingoti hongera, mwambie mama yake mdogo anampigia makofi.

Glavu nampa kondakta wa basi la kesho saa mbili. Imo kwenye mfuko wa mikate, usishangae unga. Fundi viatu wa mtaani kwetu alikaza kamba za vidole ili imkae Punje, mtazilegeza.

Punje aliileta mwenyewe, sikumwita mara ya pili. Aliipangusa kwanza. Halafu akaniuliza, "Mama, kitu ulichopewa kinakuwa chako baada ya muda gani?" Nikamwambia aende akaoge.

Majaribio ya timu yao ya wadogo ni Jumamosi tarehe 31. Tutaazima nyingine, usijali.

Mdogo wako.


Alhamisi, 5 Februari

Dada, shikamoo.

Salamu ni zile zile. Hukuniandikia kama mzigo ulifika. Nilikwenda mpaka stendi kumuuliza kondakta, akaapa alikukabidhi mkononi na ukamshukuru sana. Basi nikajua umefika.

Majirani wote wameuliza majaribio yalikwendaje. Wewe hujauliza, nami nakueleza. Glavu tuliyoazima ilikuwa ya mkono wa kushoto, kama za watu wote. Punje akishadaka mpira inambidi aivue, aibane kwapani, autoe mpira, ndipo arushe kwa mkono huo huo. Mkimbiaji keshafika anakunywa maji. Watoto walimcheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, maana alikuwa kama kuku aliyekanyaga gundi. Lakini hakutoka uwanjani. Alirudia vile vile mpaka mwisho. Kocha wao kasema jicho analo, ila mikono inachelewa na nafasi ni chache, aje mwakani.

Simlaumu mtu. Nataka tu kujua kama Mlingoti anaifurahia.

Mdogo wako.


Jumamosi, 14 Februari. Mvua tangu alfajiri, nguo kwenye kamba zimelowa upya.

Mdogo wangu,

Mko wazima? Safari hii siulizi kwa mazoea.

Mlingoti haifurahii. Hajaivaa hata siku moja. Ilifika Jumanne, tukafungua mfuko mezani, uso wake ukabadilika. "Mama, hii si nilimpa Punje?" Nikamdanganya: "Mama yako mdogo kasikia habari, kaileta kwa hiari yake." Akaingiza mkono. Vidole vikagota. Nikadhani ni zile kamba, nikazilegeza zote, kazi ya sindano si ndiyo yangu? Bado haukupita. Tangu Novemba mtoto kaota mkono wa baba yake, mimi nimeinamia kola. Akasema, "Ligi inasema mimi bado mtoto. Glavu hawajaiambia." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa soma hili nililolificha. Majaribio ya Punje yalikuwa wiki iliyofuata, na tarehe uliniandikia mwenyewe. Ningeirudisha kwa basi la kesho yake. Lakini ningekwambia nini? Kwamba nimemvua mtoto kitu kisichotutosha? Nikajiambia ngozi hutanuka. Nikaipaka mafuta, nikaijaza matambara, nikaifungia kabatini. Kila asubuhi njia yangu ya kazini inapita stendi, na kila asubuhi niliangalia upande wa pili.

Barua yako nilimsomea Mlingoti kwa mdomo wangu, na uongo wangu nikamwambia. Angepayuka ningepata pa kushika. Alivaa viatu akaenda kwa kocha kujitoa ligi ya watoto. Atacheza na wakubwa, ambako yeye ndiye mfupi kuliko wote, wameshambatiza Njiti. Aliporudi akaniomba nauli. Kesho anakuja kwenu na glavu, pamoja na barua hii. Anasema atakaa siku mbili arushiane mpira na mdogo wake. Kamba nimezikaza tena kwa kukisia mkono wa Punje. Nikikosea, fundi wenu atanirekebisha.

Msimu wa Punje siwezi kuurudisha. Akiuliza kwa nini glavu imechelewa, tafadhali usimwambie basi liliharibika. Mwambie mama yake mkubwa aliona haya. Na lile swali lake ulilolikwepa ukampeleka kuoga, mjibu kwa niaba yangu: kinakuwa chako saa ile ile unapopewa.

Dada yako.

Jumapili, asubuhi. Mvua imekatika. Naongeza hili Mlingoti akifunga viatu, amekuwa akiniuliza macho yangu yana nini. Usingizi ulinipata saa tisa na nusu usiku.