Ushahidi wa Ulimi

Dagoretti Corner,
9 Februari 2004

Mpendwa Rael,

Shala-makanda-ria. Hiyo ndiyo sauti niliyohama nayo kutoka Woodley, sauti yako Ijumaa ile uliponena kwa lugha mara ya kwanza. Hujambo lakini? Kifua cha Mama kimetulia? Mimi ni mzima, na chumba changu hakivuji. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tutagombana.

Rael, nimeomba miaka mitatu. Nimefunga mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Wewe ulikuja kanisani kumtazama Musembi akipiga gitaa, na siku hiyohiyo Roho akakushukia. Sasa Pasta Oyoo ametangaza kwamba kunena kwa lugha ndio ushahidi wa kujazwa Roho, na mwanakwaya asiye nao mwisho wa mwezi atoke. Mimi niliyewafundisha nusu ya nyimbo zao!

Nimekurekodi kwa kaseti, Ijumaa mbili, bila kukuambia. Maneno ni yaleyale, na hayafiki hata kumi. Lugha gani hiyo? Nikimpelekea pasta atasemaje? Nijibu kabla sijampelekea.

Dada yako,
Awuor

Woodley,
15 Februari 2004

Dada Awuor,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama bado anakohoa, lakini hakukosa nguvu ya kusoma barua yako kabla yangu. Anasema, "Si Awuor aseme tu kama wewe? Nani atajua?" Nilicheka, kisha nikashikwa na hasira. Kunirekodi nikiomba, dada!

Ndiyo, ni yaleyale. Maana yake siijui. Ijumaa ile yalinitoka yenyewe, nikalia kwa furaha. Tangu hapo nayaita mimi, na siku nyingine ni mdomo tu unaokwenda. Hapo ndipo huwa nakutazama ukiimba. Hujapewa chochote na bado umekuja. Mimi nisingerudi Ijumaa ya pili. Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako mwenye wivu.

Mpelekee pasta hiyo kaseti. Akiniuliza, sitakataa.

Mdogo wako,
Rael

Dagoretti Corner,
29 Februari 2004

Mpendwa Rael,

Nimesikia Mama alizidiwa na ndiyo maana hukuonekana kanisani Ijumaa wala leo. Amepata nafuu? Mpe chai ya tangawizi hata akinuna.

Acha nikueleze mwenyewe kabla Cate wa kwaya hajakupasha. Juzi mke wa pasta alituita mbele sisi tusionena. Akanishika taya. "Legeza ulimi, Awuor! Sema chochote, haraka haraka, Roho atamalizia!" Na maneno yako yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Nimeisikiliza ile kaseti hadi nayajua kuliko wewe. Kwaya nzima ilinikodolea macho. Neno moja tu, ningebaki.

Nikafunga mdomo.

"Sina, Mama Pasta," nikamwambia hatimaye.

"Huna kwa sababu huamini."

"Naamini. Sina tu."

Akaniacha, akamshika taya aliyenifuata.

Usidhani barua yako ilinipoza. Nililala na hasira. Hata huku kukosa kwangu sasa unakutamani wewe! Na mimi bado naitamani ile Ijumaa yako moja, kulia bila kujua ninalilia nini. Nakuonea wivu, Rael, nimechoka kujifanya sivyo. Lakini pale mbele niligundua kwamba nikiyasema maneno yako, Mungu akija kunitafuta siku moja atakuta sauti yako.

Kaseti sikumpelekea pasta. Jana nilimrudishia Cate joho la kwaya, limefuliwa na kupigwa pasi; alitaka kulia, nikamwambia aache mchezo. Leo asubuhi nimeketi benchi la nyuma, kati ya akina mama wenye watoto wachanga, na nimeimba sauti ya pili kutoka hapo.

Dada yako,
Awuor