Ndoo ya Selestina Imejaa, Lakini Inaelekea Wapi?

Mpendwa mshauri Gladness, mimi nina miaka sabini na tisa, nimewazika kaka zangu wote wanne na mganga aliyesema sitafika hamsini, ziwa limenitupa nje mara mbili nikiwa hai, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukiona mtu kama mimi anaomba msaada ujue jambo ni kubwa.

Mimi ni Oyoo, fundi mitumbwi, nakaa Mirongo. Mjukuu wangu Awuor anachora hadithi za mapenzi za picha, zile za giza zenye vilio, watu wanazisoma kwenye simu, na inayosomwa sana sasa ni ya kijana aliyemtaka msichana akatuma wenzake wamkamate njiani wambebe mpaka kwake, mapenzi yakaanzia humo. Kijana huyo ni mimi. Sijifichi. Mwaka wa sitini na tisa kule Rorya nilimpata mke wangu Selestina hivyo hivyo, kwetu Waluo wakati ule msichana alikuwa anavutwa kisha ng'ombe wanafuata, na mimi ng'ombe nilipeleka wote, na yule wa kwenye picha ana kovu langu juu ya jicho na mabega yangu na mikono yangu, amemchora vizuri mpaka nimenunua shati jipya.

Ila amempa moyo mgumu. Nikamuuliza, mbona kijana mzuri hivi unamfanya atishe? Akanijibu, "Babu, ningempa sura ya fisi, nani angeelewa kwa nini msichana alichanganyikiwa?"

Basi Jumapili tumetoka kanisani, nyumbani kuna wageni, akatuonyesha picha ya mwisho. Msichana amesimama ufukweni na ndoo kichwani, amewapa watu mgongo, mbele yake njia mbili, moja inakwenda kwa kijana na nyingine inakwenda kwao. Hakuna maneno. Wasomaji wanagombana, huyu anasema anarudi, huyu anasema anatoroka, nikawaona wote hawana macho. Mimi nimejenga mitumbwi miaka arobaini, mzigo ulipokaa napajua kwa kutazama mara moja, nikasema tazameni shingo, ndoo imejaa, na anayetoroka habebi ndoo iliyojaa, anarudi kwa mume wake kupika.

Selestina akaichukua simu akaiangalia sana. Akasema, "Imejaa kweli. Mimi nilisimama pale mpaka shingo ikauma."

Nikacheka, nikamwambia mbele ya wageni, "Na ungeenda wapi?"

Kesho yake akafunga nguo zake akaenda kwa binti yetu Mkuyuni. Anasema ni magoti. Wiki ya tatu hii, na magoti hayo yalikuwa yanapanda mlima kwenda sokoni bila shida. Nikamwambia Awuor aongeze picha moja tu, msichana yuko ndani anamimina maji kwenye mtungi, watu waone, bibi yake aone, mambo yaishe. Amekataa. Amesema, "Kwamba alirudi, babu, najua. Kwa nini alirudi ndiyo sijui, na siwezi kuchora nisichokijua."

Mshauri, mwambie mtoto huyu achore, na useme kwenye gazeti kwamba nilisoma picha sawasawa. Kwamba nilimtaka Selestina kwa moyo wote tangu siku ya kwanza wanaweza kukuthibitishia Okal na Nestory, wote wako hai, walikuwepo, na Nestory ndiye aliyemshika miguu.

Oyoo, Mirongo

MSHAURI GLADNESS ANAJIBU

Shikamoo mzee Oyoo. Ndoo imejaa, hilo umeshinda, na katika watu wote walioniandikia kuhusu picha ile ni wewe peke yako uliyetazama shingo. Jivunie. Nimemaliza kukusifu.

Umeijua ndoo, lakini mwenye ndoo hukumtazama. Mtu anasimama na maji kichwani mpaka shingo inauma, maana yake miguu haijakubaliana na ndoo. Mkeo alikueleza hilo mbele ya wageni, baada ya miaka hamsini na sita ya kunyamaza, na wewe ukacheka. Halafu unashangaa magoti.

Unalalamika mjukuu amempa kijana mikono mizuri na moyo mgumu. Mzee wangu, amekuchora hivyo kwa sababu anakupenda na hakuogopi. Angekuogopa angekuchora malaika, angekuchukia angekuchora fisi, na hadithi yote ingekuwa ya ovyo. Wala mwisho hakuuficha. Hanao. Anao bibi yake, na wewe unamlazimisha mtoto achore jibu la swali ambalo hujawahi kuliuliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha picha kama ilivyo. Nenda Mkuyuni mwenyewe, usitume wazee, usibebe zawadi, na lile shati jipya liache nyumbani. Kaa chini kuliko alipokaa yeye. Muulize, "Siku ile na ndoo kichwani, ulikuwa unawaza nini?" Kisha funga mdomo. Akijibu kwa neno moja, pokea neno moja. Akiongea mpaka jioni, kaa mpaka jioni. Usimsahihishe, na ukisema tena "ungeenda wapi" usiniandikie. Akitaka kubaki Mkuyuni wiki nyingine, rudi Mirongo ukateke maji yako mwenyewe, uone shingo inavyouma.

Na hao mashahidi wako sitawatafuta. Okal na Nestory wanajua ulivyotaka wewe. Alivyotaka yeye anayeweza kunithibitishia ni mmoja, na jina lake ni Selestina.