Mgongo Uliopona Kabla ya Hukumu

Stanleyville, Jumanne, Machi 1956

Kumbe mafuta ya mawese ndiyo yaliyotushinda.

Mfungwa ana haki ya kumshitaki mkubwa wa gereza. Nilimweleza mfungwa Alphonse hivyo mimi mwenyewe, karani wa kuwaandikia watu barua, nikamwandikia mashitaka kwamba alichapwa fimbo kupita kiasi cha sheria. Lakini tribunali, mahakama ya hapa, huamini inachokiona. Leo jaji alimwamuru avue shati, na mgongo ulikuwa laini. Tulingoja kuitwa wiki nyingi mno, na kila Jumapili ya kuwaona wafungwa mkewe, Marie, alimpaka mafuta na majani, kama mke yeyote wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu, angefanya.

"Vidonda iko wapi?" jaji akauliza.

"Bwana jaji, muke yangu anajua kazi yake."

Watu wakacheka. Mashitaka yakatupwa, na Alphonse akarudishwa kwa mkubwa yuleyule.

Nje, Marie alinishika mkono. "Papa, nilikosa kumuponyesha?"

Nikamwambia hakukosa. Nilianza kumfafanulia sheria ya ushahidi, lakini akanikatiza.

"Bon. Sasa watamupiga tena. Jumapili nilete mafuta, ao niache?"